Gauni la Bandi

Tangu jua lizame, fundi alikuwa hakai wala hasimami. Alifagia vipande vya nyuzi chini ya cherehani, akafagia tena pale pale alipokwisha kufagia, akaenda mlangoni, akachungulia barabara, akarudi. Simu aliilaza kifudifudi juu ya meza ya kukatia, halafu akaigeuza iangalie juu, halafu akaifunika kwa kipande cha bitana ili asiione. Haikulia. Mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka rangi majumba, alikuwa amekaa na sahani magotini, mikono ina madoa meupe hadi viwikoni, akimfuata kwa macho kama mtu anayeangalia mpira.

"Ungekuwa feni," akamwambia, "humu ndani tungepata baridi."

Akaenda tena mlangoni. Binti yao, mtoto wao wa pekee, usiku ule alikuwa anapanda jukwaani kwa mara ya kwanza maishani mwake, kuchekesha watu katika ukumbi wa mtaa wa pili, na baba mtu alidhani mkewe anahangaika kama mama yeyote anavyohangaika. Angejua kilichokuwa kinamla mwenzake moyoni, chakula kile kisingepita kooni. Fundi hakuwa anaogopa kwamba mtoto atasahau maneno. Alikuwa anaogopa gauni.

Gauni la kijani alilovaa binti lilitoka kwenye cherehani ya mama yake, na kila mshono ulikuwa umenyooka, mabega yamekaa, kwapa halivuti. Ila kiunoni, pale sketi inapoungana na sehemu ya juu, halikuwa limeshonwa. Lilikuwa limepigwa bandi tu.

Bandi ni mishono mirefu ya mkono, legelege, ya kushikiza kitambaa kisitembee mpaka cherehani ipite. Ikishapita, bandi inavutwa na kutupwa. Ndiyo maana mafundi huipiga kwa uzi wa rangi ya mbali, mweupe kwenye nguo nyeusi, mwekundu kwenye nguo nyeupe, ili uonekane upesi na usisahauliwe. Fundi huyu aliipiga bandi ile kwa uzi wa kijani, kijani kile kile cha gauni. Na wala hakusahau.

Alikuwa mtoto wa fundi, mama yake naye alishona. Yeye na mdogo wake walikulia chini ya meza ya kukatia, wakichezea vifungo na kugombania vigurudumu vya nyuzi. Mkubwa akashika sindano mapema, kichwa chini, hana makuu. Mdogo akashika kioo. Wageni wakija, mdogo ndiye aliyewekwa katikati ya chumba aige namna baba yao anavyopiga chafya, watu wakacheka mpaka wakafuta machozi, na mkubwa akapita nyuma yao na sinia la vikombe. Hakuna aliyemwonea. Ndivyo mambo yalivyojipanga tu, na yalipokwisha kujipanga hayakupanguka tena. Mkubwa akarithi cherehani. Mdogo akafungua saluni karibu na posta, akawa msusi ambaye wanawake humngoja nusu siku, kidogo kwa ajili ya nywele, zaidi kwa ajili ya mdomo wake.

Kitu kimoja mkubwa alikuwa nacho ambacho mdogo hakukipata, nacho ni mtoto.

Binti yule alizaliwa mpole. Mgeni akimuuliza jina, aliangalia vidole vya miguu yake, na mama akajibu. Umekula? Amekula. Shule inaendaje? Inaendelea, ila hesabu zinamsumbua. Hata daktari alipouliza tumbo linauma upande gani, mama ndiye aliyeonyesha, tena kwenye tumbo lake mwenyewe. Hakuona ubaya wowote. Aliona ni kama kumshika mtoto mkono kwenye barabara yenye magari. Binti akakua hivyo hivyo, akawa msichana mkubwa, na mtaani wakampachika jina la Kivuli, kwa kuwa alikwenda nyuma ya mama yake bila kutoa sauti.

Alipomaliza shule akakaa nyumbani hana la kufanya, na msusi akaja kumwomba. Alihitaji mtu wa kuosha vichwa na kufagia nywele. Fundi akamruhusu, akiamini mtoto hatamaliza juma kule kwenye makelele. Juma likaisha, na jingine. Kwanza binti akawa anachelewa kurudi jioni. Kisha akawa analala huko huko siku za kazi nyingi, katika chumba cha nyuma ya saluni. Mwisho ikawa anakuja nyumbani kama mgeni, na kijifuko chake, anauliza kama ndoo ya kuogea bado iko pale pale.

Siku moja mwalimu wa chekechea alikuja kupunguziwa sketi. Amesimama anapimwa, akasema, "Fundi, yule binti yako ni balaa. Jana katuvunja mbavu kule saluni, mwenzetu mmoja kidogo adondoke na kiti."

Fundi alikuwa na pini mdomoni, kama kawaida yake. Alishazoea kufanya kazi hivyo, pini zimepangwa kati ya midomo, maneno yanatoka pembeni. Akauliza, binti yupi? Mwalimu akadhani ni utani, akacheka peke yake.

Tangu hapo fundi hakuwa na raha. Mtoto aliyempa maneno mawili mawili tangu azaliwe, kumbe alikuwa nayo tele, akayaweka, akayaweka, kisha akaenda kuyamwaga kwenye nyumba ya mwingine. Na huyo mwingine angekuwa mtu baki, angevumilia. Lakini ni yule yule, aliyekuwa amewekwa katikati ya chumba tangu zamani.

Akatafuta sababu ya kwenda saluni. Alibeba blauzi ya mteja anayekaa upande ule, akafika, akasimama nje ya pazia la shanga ajifute jasho kwanza. Hapo ndipo alipoisikia sauti yake mwenyewe ikitoka ndani.

"Fimama wima. Ufipumue. Hiki ni kiuno au gunia?"

Saluni nzima ikaangua kicheko. Fundi akachungulia kati ya shanga. Binti yake alikuwa amesimama na taulo la kichwa shingoni kama futi ya kupimia, midomo imebanwa kana kwamba imeshika pini, nyusi zimekunjwa, anamzunguka mteja mwenye povu kichwani kama fundi anavyowazunguka watu. Alikuwa mama yake mtupu. Hata ule mtindo wa kupiga hatua moja nyuma na kufumba jicho moja. Na juu ya vicheko vyote kikapaa cha msusi, kile cha tangu utoto, kinachoanza kama kikohozi.

Fundi akageuka, akaondoka na blauzi yake. Kuigwa hakukumuuma. Watu huigwa. Kilichomchoma ni kwamba igizo lilikuwa sahihi mno. Mtu haigi hivyo bila kukutazama miaka mingi kwa macho mawili, na mtoto yule alikuwa amemtazama muda wote ule pale chini ya meza, kimya, akikusanya. Na aliyemkusanyia ni mdogo wake.

Haukupita muda, binti akaja nyumbani. Alisimama mlangoni akisokota mkanda wa mfuko, na fundi akajua kuna jambo.

"Mama," akasema, "nataka unishonee gauni la kuvaa jukwaani."

Likatoka lote, kwa vipande. Pale ukumbini kulikuwa na jioni ya vichekesho, na wageni wasiowahi kupanda hupewa nafasi ya dakika chache. Mama mdogo ndiye aliyekwenda kumwandikisha. Yeye mwenyewe tangu aambiwe anaogopa. Anaota amesimama mbele za watu na ulimi umeganda. Lakini anataka. Alipolisema hilo alimtazama mama yake usoni, jambo ambalo hakuwa analifanya mara kwa mara.

Moyo wa fundi ukafunguka. Mtoto amekuja kwake. Angeweza kununua gauni dukani, angeweza kuazima, lakini amekuja kwake. Kulikuwa na kitambaa cha bluu kwenye sanduku, kizito, cha kung'aa kidogo, alichomwekea tangu akiwa shuleni bila kujua kitakuwa cha nini. Alikuwa anainuka kwenda kukitoa, binti akaingiza mkono mfukoni akatoa kitambaa cha kijani.

"Mama mdogo ndiye kachagua. Anasema kijani kinanitoa."

Fundi akakaa tena. Akakipokea, akakivuta huku na huku kuona kama kinatanuka. Akasema ni kizuri. Kilikuwa kizuri kweli, na hilo ndilo lililomuudhi.

Siku ya kujaribisha, msusi akaja naye. Alikaa kwenye stuli ya wateja, mguu juu ya mguu, akitafuna ubani, na binti akapanda juu ya kisanduku mbele ya kioo. Fundi alizunguka na pini zake. Kila alipouliza panabana, binti alimtazama mama mdogo kupitia kioo, na mama mdogo akajibu. Kwapani panabana kidogo, dada. Hapo shingoni pashuke kidogo, dada.

"Nimemuuliza yeye," fundi akasema, pini mdomoni.

"Na wewe ukimuuliza," msusi akasema, "huwa unamngoja ajibu?"

Alilisema bila ubaya, kwa kucheka. Binti naye akacheka. Walicheka kwa pamoja, wote wawili, na fundi akaona kwenye kioo namna vichwa vyao vilivyorudi nyuma mara moja, kama watu wa nyumba moja.

Kabla hawajaondoka, binti akamwomba jambo la pili. Alikuwa ameshika mpini wa mlango. "Mama, siku yenyewe usije. Nikikuona tu nitakaa kimya." Fundi akasema hana hata nafasi, ana sare za shule za kumaliza. Halafu akauliza, kana kwamba si kitu, kama mama mdogo atakwenda. Binti akasema atakaa mbele.

Jioni ile akaunganisha sketi na sehemu ya juu kwa bandi. Mkono ulikwenda kwenye nyuzi, ukauacha mwekundu, ukachukua wa kijani. Alijiambia mwekundu uko mbali. Ulikuwa kando ya mkasi. Alijiambia kesho atapitisha cherehani. Kesho kukawa na sare, na kesho kutwa kukawa na sare, na binti alipokuja mbio kulichukua gauni, mama alilipiga pasi, akalikunja, akampa, akasema, "Litakukaa."

Hakutaka mtoto aaibike sana. Alikuwa amejipimia aibu yenyewe, kama mtu anavyopima kitambaa. Ufa mdogo tu ubavuni, uzi uachie kidogo mtoto akiinua mkono, acheke mtu mmoja wa nyuma, binti ashuke akimbie nyumbani. Na mdogo wake pale mbele, na mdomo wake wote, afanye nini? Hawezi hata kushona kifungo. Hapo nani angehitajika, kama si mtu mwenye sindano?

Hayo ndiyo aliyokuwa ameyapanga. Lakini sasa usiku wenyewe umefika, na kwenye kiti cha cherehani alikuwa anaona mengine. Aliona uzi ukiachia ubavu mmoja na kukimbia mpaka wa pili. Aliona sketi iko chini miguuni. Aliona simu za watu zimeinuliwa.

Akajaribu kufanya kazi. Akavuta sketi ya mteja, akapanga pini mdomoni, akainamia meza. Sketi ilikuwa imepigwa bandi nyekundu, inaonekana kutoka mlangoni. Fundi akaitazama ile bandi kama imemtukana. Akainuka. Akatunga uzi wa kijani kwenye sindano, akaichomeka kifuani pa gauni lake, akatia mkasi mdogo mfukoni, akajitanda shali.

"Unakwenda wapi?" mumewe akauliza. "Na hizo pini?"

Alikwishatoka.

Ukumbi haukuwa mbali. Alikwenda kwa miguu, nusu anatembea nusu anakimbia, akikwepa madimbwi, na shali likimteleza. Mlinzi mlangoni aliuangalia uso wake akaona ni afadhali ampishe. Ndani viti vya plastiki vilikuwa vimejaa na watu wengine wamesimama ukutani. Fundi akapenya, akasimama nyuma ya mwanaume mrefu, akachungulia kando ya bega lake. Kule mbele kabisa alikiona kichwa cha mdogo wake, nywele zimepandishwa juu kama keki.

Mshereheshaji, mtu mnene mwenye koti la kumetameta, akashika kipaza sauti na kusema sasa anakuja mgeni, hajawahi kupanda popote, mpokeeni Binti Fundi.

Binti Fundi. Fundi akalisikia jina hilo likipigiwa makofi. Hakujiita Kivuli, wala mtoto wa saluni. Kitu kitamu kikampita kifuani, lakini hakikupata pa kukaa, maana binti alikuwa ameshatoka na taa zimemmulika, na macho ya mama yakaenda moja kwa moja kiunoni.

Gauni lilikuwa limekaa.

Binti alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Akawatazama watu wa mbele, akawatazama wa katikati, akawatazama wa nyuma. Kisha akaganda. Midomo ilifunguka, haikutoa kitu, ikafunga. Makofi yakaisha. Mtu akakohoa. Kiti kikalia.

"Dada, betri imeisha?" kijana mmoja akauliza kutoka ukutani, na wenzake wakacheka.

Fundi alisikia mwili wake wote ukisogea mbele. Maneno yalikuwa tayari, yamepanga foleni kama siku zote: Ana aibu kidogo, mpeni nafasi, ni mtoto mzuri, ana kichwa cha kuchekesha. Akafungua mdomo ayaseme, pini zikamchoma ulimi. Alikuwa amezisahau. Alikuwa amekimbia nazo njia nzima, na sasa amesimama nazo katikati ya watu, mdomo umejaa chuma, hawezi kutoa neno.

Akamtazama mdogo wake. Sasa msaidie, alimwambia moyoni. Si ndiye wako? Cheka kile kikohozi chako basi, mpe pa kuanzia. Lakini keki ile ya nywele haikutikisika. Msusi alikaa mikono mapajani, kama mtu aliye kwenye chumba cha daktari, na fundi akamchukia kwa utulivu ule kuliko alivyowahi kumchukia kwa kicheko.

Kimya kikaendelea. Hakuna aliyemjibia mtoto.

Binti akashusha kipaza sauti, akavuta pumzi, akakipandisha tena. Sauti ilitoka ndogo.

"Samahani," akasema. "Mimi huwa sijibu. Nimezoea kujibiwa."

Watu wachache wakacheka, kwa huruma zaidi.

"Nilipokuwa mdogo daktari aliniuliza, tumbo linakuuma wapi? Mama akashika tumbo lake. Basi daktari akampa dawa. Akapona." Akangoja kidogo. "Mimi mpaka leo linauma. Hata sasa hivi."

Kicheko kilichokuja hapo kilikuwa kingine. Kilitoka chini, kikapanda, yule kijana wa betri akapiga ukuta kwa kiganja. Binti alikisikia na mabega yake yakashuka. Akamwita mshereheshaji asogee, akamsimamisha katikati ya jukwaa, akajivisha waya wa kipaza sauti shingoni kama futi, akabana midomo. "Fimama wima. Ufipumue." Akaanza kumzunguka. Akainama kumpima mguu, akachuchumaa, akanyoosha mikono yote miwili kulizunguka tumbo lile na ikashindwa kukutana, akapiga hatua nyuma na kufumba jicho moja, akauliza kama koti hili lina wenyewe wawili.

Ukumbi ulikuwa unalia. Mwanamke aliyekuwa kando ya fundi akamgusa kwa kiwiko, anafuta macho, akasema mama wa huyu lazima naye ni kituko. Fundi akaitika kwa kichwa. Aliwaonea wivu hata watu wale, mtu mmoja mmoja, kwa namna walivyoweza kumcheka mtoto kwa raha, mikono mitupu, bila kungoja kitu kipasuke. Kila binti alipoinama, yeye alifumba macho. Kila alipofumbua, gauni lilikuwa zima. Akachuchumaa tena. Zima. Akajipinda mpaka mgongo ukaonekana. Zima. Woga ukaanza kuchanganyika na mshangao, kwa sababu fundi ni fundi hata akiwa na dhambi, na alijua bandi yake. Bandi ile isingestahimili hata kuchuchumaa kwa kwanza.

Makofi yalipopigwa, binti akainamisha kichwa, akatoka mbio kwa mlango wa pembeni. Fundi akapita kando ya ukuta, akikanyaga watu, akaingia kwenye ujia mwembamba ulionuka rangi mpya. Mwisho wa ujia kulikuwa na chumba cha kuwekea viti, na mlango wake umefungwa. Mbele ya mlango amesimama mdogo wake, amekunja mikono. Kwenye zile nywele zake ilikuwa imechomekwa sindano ya kusukia, ile nene iliyopinda, ina uzi mweusi unaning'inia.

Msusi akamtazama usoni, akaziona pini. Macho yakashuka mpaka kwenye sindano ya fundi, pale kifuani, na uzi wake wa kijani. Yakakaa hapo.

"Uzi wa rangi moja, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Mama angetuchapa wote wawili."

Fundi akaifunika sindano kwa shali.

Msusi akamweleza, kwa ufupi, bila utani. Alikuwa anamfunga mtoto zipu kabla hajapanda, akaona kiuno kinaachama. Akaingiza kidole, akajua. Hajui kushona, lakini naye alilelewa chini ya meza ile. Hakuwa na kitu ila vyombo vyake vya saluni kwenye mkoba, basi akamwambia mtoto asimame wima asipumue, akamshona kiuno kizima kwa uzi wa nywele. Mtoto alipouliza kuna nini, akamwambia mama yako alizidiwa na kazi.

"Zaidi ya hapo sikumwambia," akasema. "Si langu."

Palikuwa mahali pa kusema ahsante, na fundi alilijua hilo. Lakini kilichopanda kooni kilikuwa kile kile cha siku zote. Hata hili. Hata sindano. Kitu kimoja alichokuwa amebaki nacho peke yake, na mdogo wake amekuja kumshinda kwacho, tena kwa uzi wa nywele.

"Ila kuna jambo," msusi akaendelea, na pembe ya mdomo ikaanza kumcheza. "Nimemshona pamoja na shimizi. Na zipu nadhani nimeipitia. Hawezi kuvua." Kikohozi kile kikaanza. "Nilitaka kumkata kwa wembe, akakataa. Anasema anamngoja mama yake."

Fundi akainua nyusi.

"Kakuona tangu umeingia. Ukumbi mzima nani mwingine ana pini mdomoni? Unadhani aliganda kwa nini?" Kicheko kikamwishia. "Alikuwa anangoja umjibie, dada. Hukumjibia. Nimetoka kumwacha humo ndani anasema hilo hilo tu, mama hakunijibia, mama hakunijibia, kama mtu aliyeokota dhahabu."

Akachukua mkoba wake, akasema anakwenda kutafuta maji ya kunywa, akapita. Ujia ulikuwa mwembamba, mabega yao yakagusana.

Fundi akabaki na mlango.

Ilikuwa kazi ndogo. Angefumua uzi mweusi kuanzia ubavuni, na chini yake angeukuta wa kijani. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Angeweza kuivuta yote miwili kwa pamoja, akaifumbata kiganjani, akaitia mfukoni, na binti angeona mweusi tu na kucheka mishono ya mama mdogo. Msusi asingesema, alikwisha kusema hatasema. Na mtoto angeendelea kuamini kwamba mama yake alisimama kule nyuma akameza maneno kwa kupenda, kumbe ni pini. Fundi angekuwa na hilo milele. Lilikuwa jambo zuri sana kuwa nalo, na mdogo wake hana.

Kutoka ukumbini kikaja kicheko cha msusi, amekwisha kupata watu wa kuzungumza nao. Kikamchoma vile vile kama kilivyomchoma siku zote.

Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake. Midomo ilibaki na ladha ya chuma. Akagonga.

"Nani?" binti akauliza kutoka ndani.

"Mimi," akasema, na sauti yake ilimshangaza, haina kizuizi. "Nina mkasi. Lakini kabla sijakufumua, kuna jambo la gauni hilo nataka kukuambia. Bandi ile niliiacha makusudi."

Ndani pakawa kimya. Kilikuwa kimya kile cha jukwaani, kirefu, na maneno yakaanza kupanga foleni kichwani mwa mama, ya kujitetea, ya kumjibia mtoto hata hasira yake. Akayaacha huko huko. Akasimama, mkasi mkononi, akingoja.

Komeo likavutwa, na mlango ukafunguka.